Mjane na Mgane: Maana ya Jina na Wajibu wa Usharika

Kiswahili kina jina la mwanamume aliyefiwa na mkewe, nalo ni mgane. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1981, imeliandika waziwazi. Hata hivyo katika sharika zetu twalisikia kwa nadra. Husemwa “mjane mwanamume”, au kwamba ndugu fulani “amepatwa na msiba”, na baada ya matanga hatajwi tena. Yatupasa kuuliza kama upungufu huu ni wa lugha au ni wa uchungaji.

Tuanze na chimbuko la majina. Ngeli ya m-/wa- haibagui mume na mke. Kutoka kufa twapata kufia, kisha kufiwa, na kutoka hapo mfiwa, yaani yule ambaye kifo cha mwingine kimempata. Kinyanja cha ng'ambo ya Ziwa Nyasa kimefuata njia hiyo hiyo katika neno namfedwa, na humwita mjane na yatima kwa neno masiye, lililotoka katika kitenzi cha kuacha. Mzizi wa maneno hayo ni kuachwa, wala hautaji jinsia.

Maandiko nayo hayakugawa sawasawa. Katika Agano la Kale neno la Kiebrania la mjane lina umbo la kiume mara moja tu, Yeremia 51:5, na hapo lahusu Israeli. Katika 1 Wakorintho 7:8 Mtume ataja wajane kwa neno la kike, akitanguliza “wasiooa”. Baadhi ya wafafanuzi huona kwamba hao wa kwanza ni wagane. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jambo hili, kwa kuwa neno wajane halimwonyeshi jinsia.

Kwa nini basi Biblia yamtetea zaidi mjane? Kwa sababu mume alipokufa, mke aliweza kupoteza shamba, nyumba na mtetezi. Hatari hiyo haijatoweka kwetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, ilibidi itamke kwamba mwanamke aliyefiwa yuko huru kukaa apendapo na kuolewa na amtakaye. Mgane hakuhitaji kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba majina haya mawili ni sawa kabisa anaificha dhuluma.

Lakini mgane naye ana upungufu wake. Katika milima ya Mbinga kilimo cha ngoro cha Wamatengo kiligawa kazi: wanaume hufyeka na kupanga nyasi kwa miraba, wanawake huchimba mashimo, hufunika nyasi kwa udongo na kupanda. Mke akifa, nusu ya shamba imekufa pamoja naye. Ndiyo maana jamaa huharakisha kumtafutia mgane mke mwingine, nasi wachungaji twaona haraka hiyo kuwa faraja. Kumbe kazi ya shamba imepata mtu, na huzuni haijapata msikilizaji.

Hapa wengine hutaja Ezekieli 24, ambapo nabii aliyefiwa na mkewe alikatazwa kulia, kana kwamba ni kanuni ya wanaume wote. Ufafanuzi huo ni dhaifu. Katazo lile lilikuwa ishara kwa taifa lililokaribia kupoteza hekalu lake. Ibrahimu, katika Mwanzo 23:2, alimlilia Sara, wala hakukemewa.

Maoni yetu ni kwamba neno mgane lirudi katika sala, katika daftari la washarika na katika masomo ya uchungaji. Lisirudi ili kumpunguzia mjane haki yake, bali ili kila mmoja atajwe kwa hasara aliyoipata. Mjane alindiwe shamba lake na nyumba yake. Mgane apewe muda, na mtu wa kukaa naye siku ile ambayo wengine wamekwisha kuondoka matangani.