Pumzi Kabla ya Upinde

Mpiga fidla anayeongoza okestra huku yeye mwenyewe akipiga sehemu kuu hana mkono wa kupungia. Wa kushoto uko kwenye nyuzi, wa kulia umeshika upinde. Kilichobaki ni pumzi, mabega na macho, na kwa vitatu hivyo ukumbi mzima wa wapigaji lazima uingie pamoja. Mtazame kabla ya sauti ya kwanza: atavuta pumzi, na ndani yake mwendo wa wimbo umeshapangwa. Akiivuta kwa pupa, wote watakimbia.

Ufundi huu nauona wazi zaidi katika koncheto ya tano ya fidla ya Mozart, aliyoimaliza Salzburg Desemba 1775 akiwa na miaka 19. Okestra huanza kwa kasi na uchangamfu. Msikilizaji anatarajia mpigaji mkuu adakie mbio hizo. Badala yake anaingia taratibu, kwa sauti ndefu iliyotulia, fidla nyingine zikinong'ona chini yake. Ni kipande kifupi mno. Kisha kasi inarudi, okestra inarudia wimbo wake wa mwanzo, naye anaimba mwingine mpya juu yake. Kuituliza okestra iliyokwisha kuchemka, kisha kuiachia tena, na yote hayo huku vidole vyako vina kazi yao ngumu! Hapo amri haifai kitu. Wapiga pembe walioketi nyuma hawaoni hata ncha ya upinde wake vizuri. Wanachokipata ni sauti, na ikiwa sauti hiyo inajua inakokwenda, wataifuata kwa masikio.

Ndiyo maana namheshimu sana Willi Boskovsky, aliyeongoza tamasha la Mwaka Mpya la Vienna tangu 1955 hadi 1979, mara nyingi fidla mkononi, kama alivyofanya Johann Strauss karne iliyotangulia. Hakuja kutoka nje kuwaamuru watu. Alikuwa mmoja wa viongozi wa fidla wa okestra ileile iliyopiga tamasha hilo, na wenzake waliijua pumzi yake.

Koncheto ya fidla ya Brahms ina okestra nzito, na kwangu mimi pale mwongozaji mwenye kijiti anastahili nafasi yake. Ya Mozart haimhitaji. Ukiona imetangazwa bila yeye, nunua tiketi, na uchague kiti cha karibu.