Uwanja Unaozungumza na Mtoto Anayenyamaza

Anayeingia katika shule nyingi za msingi nchini Uganda hupokewa na maandishi kabla ya kupokewa na mtu. Vibao vya mbao au bati vimepigiliwa kwenye miti, vingine vimesimamishwa kando ya njia ya kwenda ofisini: wahi shuleni, penda usafi, usipokee zawadi za watu usiowajua. Walimu wenyewe huuita mtindo huu uwanja unaozungumza. Ulienea sana katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakati mpango wa Rais wa kuwaelimisha vijana juu ya UKIMWI ulipofikishwa mashuleni. Tangu hapo vibao vimebebeshwa kila jambo, yakiwemo malengo ya shule nzima kuhusu ujifunzaji.

Sisi walimu wa lugha tuna haki ya kuuhakiki uwanja huo kama matini nyingine yoyote. Nani anasema? Anamwambia nani? Kwa lugha gani? Msemaji hana jina, kauli zake karibu zote ni za kuamrisha, na lugha ni Kiingereza. Itakumbukwa kwamba tangu mwaka 2007 mtaala unaelekeza darasa la 1 hadi la 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na darasa la 4 liwe la mpito. Kwa hiyo karibu nusu ya madarasa 7 ya shule ya msingi hayatarajiwi kukisoma vizuri kile kilichoandikwa kwa ajili yao. Anayekisoma bila taabu ni mkaguzi, mfadhili na mgeni kama sisi. Hapo ndipo tunapoanza kushuku kwamba hadhira ya vibao hivi si mtoto.

Tulikwenda kuwakagua wanachuo wetu wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mashariki mwa nchi. Lengo la shule lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa ofisi, nalo lilikuwa zuri: kila mwanafunzi asome na kuzungumza kwa kujiamini. Tukaingia darasa la 5, kipindi cha Kiswahili, watoto zaidi ya 80. Mwanachuo wetu aliinua kalamu, akauliza hii ni nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja iliyotikisa bati. Akainua kitabu, likajibu tena. Katika dakika 40 tulihesabu watoto 6 tu waliofungua kinywa kila mmoja peke yake, na 4 kati yao walikuwa wa dawati la mbele.

Tulipotoka tulimkuta mtoto chini ya mwembe akiwa na kipande cha mbao shingoni. Kosa lake ni kwamba alizungumza lugha ya mama yake wakati wa mapumziko. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kuieleza adhabu ya namna hii, ya Kenya ya enzi za ukoloni, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Mtoto huyu alikuwa hatua chache kutoka kwenye ukuta unaomtaka azungumze kwa kujiamini. Ukuta na kipande vyote viwili ni maandishi ya shule ile ile, na mtoto anajua fika kipi kina nguvu.

Hata hivyo, shule hiyo hiyo ilikuwa na jambo la kusifiwa. Mwalimu wa darasa la 2 hana kibao chochote cha lengo. Ana daftari la majina. Kila asubuhi watoto 5 humsomea rafiki wa dawati sentensi moja waliyoiandika wenyewe, kwa lugha ya nyumbani, na yeye husimama karibu akisikiliza, kisha huweka alama mbele ya jina. Darasa lina watoto 70, basi katika siku 14 za masomo hakuna aliyesahaulika. Akiugua, mwenzake huchukua daftari na kuendelea na jina linalofuata. Ni kweli kwamba sentensi moja ni kidogo, na mwalimu wa darasa la 3 hana habari na daftari hilo, kwa hiyo mazoea hayo hukatika mtoto anapopanda darasa. Mwalimu mkuu, bwana mkarimu sana, alitutembeza kwenye vibao vyote. Daftari hakutuonyesha.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba mwalimu mwenye watoto 80 hana nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja, tena katika somo ambalo halimo katika karatasi 4 za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwalimu wa darasa la 2 naye ana 70. Aidha, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunachohofia ni azimio hilo kutekelezwa kwa brashi: vibao vile vile vitafsiriwe kwa Kiswahili, vipigiliwe kwenye miti ile ile.

Nasi idarani hatuna mikono misafi. Yule mwanachuo wa darasa la 5 tulimpa alama nzuri. Andalio lake la somo lilikuwa na lengo mahsusi lililoandikwa barabara, "kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze...", na fomu yetu ya tathmini hutoa alama kwa uandishi wa lengo, kwa zana, kwa mwandiko wa ubaoni na hata kwa mavazi. Hakuna mstari unaouliza ni watoto wangapi walizungumza peke yao. Katika mkutano ujao wa idara tutapendekeza mstari huo uongezwe, na alama zake zitolewe kwenye zile za mavazi.