Nani Msomaji wa Bango? Tahakiki ya Mawasiliano ya Utetezi wa Haki za Watu wenye Ulemavu kwa Kurejelea Lulindi

Tahakiki hii inachunguza swali moja: katika mawasiliano ya utetezi wa haki za watu wenye ulemavu, nani anayekusudiwa kuwa msomaji? Mjadala wa mabango, vipeperushi na kaulimbiu huelekea kukomea kwenye istilahi, yaani iwapo mtu aitwe kilema, mlemavu au mtu mwenye ulemavu. Hoja yetu ni kwamba suala la hadhira linatangulia suala la istilahi.

Lulindi, wilayani Masasi, inatoa mfano wa kihistoria. Dkt. Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alitoa tiba hapo chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA kuanzia miaka ya 1930. Maandishi yake yalichapishwa Uingereza mwaka 1947 katika kitabu kiitwacho Bush Doctor. Manufaa ya tiba ile hayapingiki. Hata hivyo, kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza na kutolewa na misheni iliyotegemea michango ya waumini wa huko. Mgonjwa wa Lulindi, msemaji wa Kimakua, Kiyao au Kimakonde, alikuwa ndani ya maandishi lakini nje ya hadhira. Alisimuliwa, hakusemeshwa.

Tangu wakati huo msingi wa utetezi umehama kutoka hisani hadi haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Lakini umbo la mawasiliano linaweza kubaki la hisani hata baada ya maneno kubadilika. Chukua bango linalowatetea watu wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu. Likiandikwa kwa herufi ndogo za kijivu juu ya picha, linawatetea mbele ya wengine huku likiwafungia wao mlango. Vivyo hivyo tangazo la redio kuhusu haki za viziwi, au kijitabu cha haki za wasioona kisicho na toleo la nukta nundu.

Wapo wanaodai kwamba kiambishi ki- katika kipofu, kiziwi na kiwete humshusha mtu hadi daraja la vitu. Dai hili lina uzito, lakini halijitoshelezi. Kijana na kiongozi pia hubeba kiambishi hicho bila dharau, na upatanisho wa kisarufi humtambua kila mmoja wao kuwa mtu: kiziwi amefika, kiongozi amefika. Isitoshe, Chama cha Viziwi Tanzania kimejiita hivyo chenyewe. Neno ambalo wenyewe wamelichagua kujitambulisha haliwezi kupimwa sawa na neno walilobandikwa.

Kwa hiyo, ubora wa bango usipimwe kwa usafi wa istilahi na mvuto wa picha pekee. Upimwe pia kwa kuuliza iwapo anayetetewa anaweza kulisoma, kulisikia au kulipapasa, na iwapo alishiriki kuliandaa. Bango lisilofaulu kipimo hicho, hata likiwa na istilahi sahihi, linarudia uhusiano ule ule wa mwaka 1947: mwenye jambo anaonyeshwa, na mazungumzo yanaendelea juu ya kichwa chake.