Samurai Jack kwenye Mizani ya Mighani

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la sifa za mighani halimtishi mtu. Mtahiniwa ataandika kwamba jagina huwa na nguvu zisizo za kawaida, huwa na siri ya nguvu hizo, hutetea jamii yake, husalitiwa na mtu wa karibu, na hufa kifo cha huzuni. Alama anazipata. Lakini swali likigeuzwa kidogo, akaambiwa aeleze ni kwa nini jamii ilimhitaji mtu wa aina hiyo, kalamu inasita. Makala haya yanalenga kuinusuru kalamu hiyo. Tutamchukua mhusika ambaye wanafunzi wengi humjua kwa sura kabla ya kumjua Fumo Liyongo kwa jina, yaani Samurai Jack wa filamu za katuni, tumpime kwa mizani ya mighani yetu. Anapotosha tutajifunza jambo, na anapopungua tutajifunza zaidi.

Jack ni nani?

Mfululizo huu ulibuniwa na Genndy Tartakovsky, na kituo cha Cartoon Network kikaanza kuuonyesha mwaka wa 2001. Misimu minne ya kwanza ilimalizika 2004. Msimu wa tano, ambao ndio wa mwisho, ulitoka 2017. Msuko wake ni mwepesi. Mwanamfalme wa Japani ananyang'anywa ufalme wa babake na zimwi liitwalo Aku, ambalo hujigeuza umbo lolote litakalo. Mtoto anatoroshwa, analelewa na kufunzwa na mataifa mbalimbali ulimwenguni, Afrika ikiwemo, kisha anarudi na upanga wa babake. Anapokaribia kulimaliza zimwi, Aku anamtupa katika wakati ujao, ulimwengu ambao tayari unatawaliwa na Aku huyo huyo. Tangu hapo Jack ana lengo moja: kurudi alikotoka na kuyatengua maovu kabla hayajatendeka.

Zingatia jina lake. "Jack" si jina alilopewa na wazazi. Ni neno la mtaani alilorushiwa na wageni siku alipotua katika ulimwengu huo, naye akalikubali. Katika fasihi simulizi tungeliita lakabu. Lakini lakabu kwa kawaida hutokana na sifa ya mtu au tendo lake, nayo hutolewa na watu wanaomjua. Ya Jack imetolewa na watu wasiomjua hata kidogo. Huyu ni jagina aliyepoteza kwao hadi jina.

Anapotosha

Tukianza na siri ya nguvu, Jack anatosha. Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Silaha ya Jack ni upanga wa ajabu ambao ndio pekee unaoweza kumwangamiza Aku. Hata hivyo, mhakiki makini ataona tofauti. Siri ya Liyongo imo mwilini, hivyo inaweza kuibwa na mtu mwingine. Ya Jack imo katika mwenendo wake. Anapoua kwa hasira viumbe wasio na hatia, upanga unamtoka, na katika msimu wa tano tunamkuta amezunguka miaka 50 bila huo upanga, ndevu zimemjaa, sauti za watu wake zikimlaumu akilini. Anaupata tena baada ya kujipata yeye mwenyewe. Kwa hiyo udhaifu wa Liyongo huhitaji msaliti ili umwangushe, ilhali wa Jack humwangusha bila msaada wa mtu.

Ana pia safari na majaribu, ana adui anayemzidi uwezo, ana ujuzi usio wa kawaida. Mtahiniwa anayehesabu sifa kwa vidole angefunga daftari hapa na kutangaza kwamba Jack ni jagina wa mighani.

Anapopungua

Upungufu wa kwanza unahusu usaliti. Liyongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa vyeo na ndoa na Sultani wa Pate. Katika katuni, kisu hicho kimegeuzwa makali. Anayemwezesha Jack kurudi alikotoka ni Ashi, binti wa Aku. Damu inamsaliti zimwi badala ya shujaa. Ashi naye analipa gharama, kwani Aku akifa kabla ya wakati wake, binti hawezi kuwa amezaliwa, naye anatoweka. Huzuni ipo, ila haiko pale mighani inapoiweka.

Upungufu wa pili ndio mkubwa, nao unahusu jamii. Liyongo alipofungwa gerezani alikuwa na mama wa kumwokea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake, na kijakazi Saada wa kuupeleka. Alikuwa na watu wa kucheza gungu kwa kishindo ili mlio wa tupa usisikike. Hata wokovu wake ulikuwa kazi ya wengi. Jack huwaokoa watu wa kila kijiji anachopitia, kisha huondoka. Hakuna anayebaki naye ili amwimbe kwa majina ya kwao.

Mkuki wa Otenyo

Sasa tushuke nyumbani. Hapa Nyakoe tumo katika ardhi ya Abagetutu. Mnamo Januari 1908, zaidi ya miaka miwili baada ya msafara wa kijeshi wa Waingereza wa 1905, Otenyo alimchoma kwa mkuki Geoffry Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Nyarigoti na Abagusii. Masimulizi yanamweka Moraa, mwanamke nabii, kuwa ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote hakufa. Jeshi likaletwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatwaliwa, watu wengi wakauawa. Otenyo alikamatwa akauawa, na masimulizi ya jamii yanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Mwaka wa 1937 Northcote alifanywa gavana wa Hong Kong.

Hiki ni kinaya kinachostahili kujadiliwa darasani. Tukipima kwa matokeo, mkuki ule haukufanikiwa. Mbona basi Otenyo ndiye jagina, wala si mtu aliyeshindwa tu? Jibu tunalipata tukirudi kwa Jack. Katuni inampa shujaa wake kitu ambacho historia haijampa mtu yeyote: mlango wa kurudi nyuma na kuyafuta yaliyotokea. Ufalme wa babake unasimama tena kana kwamba haukuanguka. Abagusii wa 1908 hawakuwa na mlango huo. Nyumba zilizochomwa zilibaki zimechomwa. Walichokuwa nacho ni kinywa. Mighani basi ni sanaa ya watu wasioweza kurudi jana. Haifuti hasara, huichagulia maana, ili mtoto atakayezaliwa baadaye asirithi aibu pamoja na umaskini. Ndiyo sababu jagina hufa. Kifo chake kinakiri kwamba jamii ilipata hasara ya kweli.

Hapo pia ndipo tunapotofautisha umiliki. Kisa cha Jack kilikatika 2004 kikasubiri miaka 13 hadi mbunifu wake aliporejea kukimaliza. Kisa cha Liyongo kilikuwa kimesimuliwa na kuimbwa kwa vizazi kabla ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu kukitungia utenzi mwaka wa 1913, na hakikukoma hapo. Kazi ya jamii haimngoji mtu mmoja. Lakini ina sharti moja: wanajamii waendelee kuisimulia. Mwanafunzi anayeujua upanga wa Jack na asiyeujua mkuki wa Otenyo hana kosa, kwa kuwa Jack alisimuliwa mbele yake na Otenyo hakusimuliwa.

Hitimisho

Mwalimu, usimkataze mwanafunzi katuni. Mwambie amlete Jack darasani kama mfano wa kulinganisha, kisha umtume nyumbani akamuulize nyanya au babu kuhusu Otenyo na Moraa, arekodi, abainishe matoleo yanayotofautiana. Nawe mtahiniwa, ukitaja sifa ya mighani, ifuatishe kila mara na sentensi moja inayoanza kwa "jamii ilihitaji". Sentensi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba umeelewa badala ya kukariri.

Maswali ya marudio

1. Linganisha siri ya nguvu za Liyongo na ya Samurai Jack. Tofauti hiyo inadhihirisha nini kuhusu jamii zilizowabuni?
2. "Jagina hapimwi kwa ushindi wake." Jadili ukirejelea Otenyo na jagina mwingine kutoka jamii yako.
3. Eleza matatizo matatu ambayo mkusanyaji wa mighani anaweza kukumbana nayo nyanjani, na namna ya kuyatatua.