Fumbo Wakati wa Fitina: Muyaka bin Haji na Mvita ya Karne ya 19

Ndia Kuu huanzia penye Ngome ya Yesu ikaingia ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa. Jina lake limehifadhi Kimvita: ndia, si njia. Lahaja hiyo ndiyo aliyoitungia Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840), na ngome hiyo ndiyo iliyogombewa katika zama zake. Wamazrui walioishika walishindwa vitani Shela, Lamu, mnamo 1812. Mwaka 1824 wakapata hifadhi ya Waingereza kupitia Nahodha Owen, nayo ikaondolewa 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Omani akautwaa mji. Muyaka, basi, alitunga wakati ambapo hapakuwa na ajuaye bendera ya mwakani.

Imezoeleka katika uhakiki kulieleza fumbo la ushairi wa siasa kuwa ni ngao ya mtunzi dhidi ya mtawala. Maelezo hayo yanamwafiki Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, ambaye alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 na kutunga kwa siri gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973). Hayamtoshi Muyaka. Yeye alikuwa upande wa watawala wa mji wake. Hakuwa na haja ya kujificha kwao. Fumbo lake lilielekezwa nje, kwa hasimu.

Ushahidi umo katika mashairi ya Vita vya Kuduhu, yaani hivyo vya Shela, yaliyokusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff (1995). Humo Mvita na Lamu wanajibizana, Muyaka upande mmoja, Zahidi Mngumi upande wa pili. Anayelipokea fumbo hulazimika kulifumbua kabla ya kulijibu, na akilijibu hufuata mizani na vina. Kwa kufanya hivyo, hasimu amekwisha kukiri kwamba yeye na adui yake wana sanaa moja, japo lahaja zinatofautiana na majahazi ya vita yamekwisha kutweka.

Yawezekana kupinga kwamba majibizano hayo yalichochea vita badala ya kuvizuia. Pingamizi hilo lina uzito: ushairi haukuizuia Shela. Lakini linaupima ushairi kwa matokeo ambayo hata mabalozi hawakuyapata. Ulichofanya ushairi ni kuidumisha hadhira iliyovuka mipaka ya pande mbili, wakati siasa ilipokuwa ikiikata.

Kwa hiyo, mhakiki anayetafuta "ujumbe" peke yake katika sanaa ya nyakati za mashaka ataambulia majina ya watawala waliokwisha pita. Tungo za Muyaka ziliwafikia Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, Hichens akazichapisha 1940, Abdulaziz akazichambua 1979. Matukio yake sasa yanahitaji kuelezwa; fumbo lingali linadai jibu. Fani ndiyo iliyodumu, na siasa ya Muyaka imo humo.