Ziada ya Hundi: Uamuzi wa Jumamosi Asubuhi

Asingetuma. Mengine yote katika kisa cha yule kijana mtafsiri wa Malindi yanajadilika, nami nitayajadili, lakini kumrudishia “mteja” ziada ya hundi Jumamosi asubuhi, tena kwa fedha zake mwenyewe zilizokuwa kwenye simu, ni uamuzi usio na utetezi. Amenipa ruhusa ya kuuchambua bila kumtaja jina, na wengi wenu mmekwisha kuyaona mazungumzo yale yakizunguka katika makundi ya watafsiri kuanzia Mtwapa hadi Watamu. Basi sina haja ya kueleza barua ya kwanza ilisema nini. Mnaijua. Ni ile ile ya warsha inayokaribia, makala ya kurasa nyingi, mteja asiyeweza kupiga simu kwa sababu hasikii vizuri, bei yoyote utakayotaja inayokubaliwa papo hapo, na malipo kwa hundi.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri. Kiitaliano chake kimekomaa na Kiswahili chake kinasomeka bila kukwama.

Turudi kwenye wakati wenyewe. Hundi iliwekwa kwenye akaunti yake Ijumaa alasiri, katika tawi la mbali na Malindi, na picha ya stakabadhi ikamfikia kabla ya Magharibi. Siku na saa hizo zilichaguliwa. Tangu Kenya ianze kupeleka picha za hundi badala ya karatasi zenyewe mwaka 2011, hundi ya humu nchini haingoji tena wiki nzima kujulikana kama ina fedha; ni suala la siku moja au mbili za kazi. Tapeli anayetumia hundi amebakiwa na mwanya mdogo sana, na mwanya huo ni mwisho wa wiki. Akiiweka Jumatatu, Jumatano ameshaumbuka. Akiiweka Ijumaa jioni, ana Jumamosi nzima na Jumapili nzima za kukubana. Mtafsiri yeyote anayelipwa kwa hundi angeliangalia hilo kabla ya kuangalia kiasi kilichoandikwa.

Kiasi chenyewe kilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei waliyoafikiana. Usiku ule ule ukaja ujumbe wa pili: mhasibu amekosea, amejumuisha na malipo ya mwezeshaji wa warsha, tafadhali chukua chako na kinachobaki umtumie mwezeshaji kwa M-Pesa kwani kesho asubuhi anasafiri. Kijana akafungua programu ya benki kwenye simu akaona jumla imepanda. Akapiga simu ya huduma kwa wateja, akajibiwa kwamba hundi imeingia. Akalala akiwa na amani. Saa tatu asubuhi akatuma.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Akaunti ya benki ina salio la aina mbili. Lipo linaloonyesha kila kilichoandikwa kwenye hesabu, pamoja na hundi ambazo bado hazijalipwa na benki iliyozitoa, na lipo la fedha unazoweza kuzitoa sasa hivi. Kijana alilisoma la kwanza. La pili lilikuwa chini yake, kwenye ukurasa ule ule, nalo halikuwa limebadilika hata senti. Yeye mwenyewe anakiri kwamba alijaribu kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu ikakataa. Badala ya kusimama, akazunguka: akatoa akiba yake ya M-Shwari, na palipopungua akajaza kwa Fuliza. Fuliza! Yaani alikopa ili arudishe fedha za mtu mwingine alizoamini kwamba anazo.

Sijaona kosa la wazi kama hili katika visa vyote vya namna hii nilivyoletewa. Ziada ya kweli hurudishwa kutoka kwenye ziada yenyewe. Akaunti iliyopokea hundi ikikataa kutoa, basi ziada haipo, na hakuna maneno ya mteja, ya mhasibu wala ya karani wa simu yanayoweza kuiumba. Angeweza kupima kwa dakika moja: toa kiasi hicho kwenye akaunti hiyo hiyo. Alipima, jibu likaja, akalikataa.

Na hata angekuwa hajapima, kulikuwa na alama nyingine mbili mbele ya macho yake. Ya kwanza ni Hakikisha, ile hatua ya M-Pesa inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla ya fedha kuondoka. Jina lililotokea halikuwa la mteja, halikuwa la mwezeshaji aliyetajwa kwenye ujumbe wa usiku, na halikufanana na lolote katika barua zote. Alipouliza, akaambiwa ni laini ya mke wa mwezeshaji. Akaridhika. Ya pili ni ya ufundi zaidi, nami naiona nzito kuliko zote: aliyeandika hundi kimakosa, nayo bado haijalipwa, ana uwezo wa kuiagiza benki yake iisimamishe na kuandika nyingine yenye kiasi sahihi. Mhasibu wa ofisi yoyote ya kweli angefanya hivyo kabla ya kumwomba mtu wa Malindi, asiyemjua, amsafirishie fedha kwa simu. Ombi lenyewe la kurudishiwa lilikuwa ushahidi.

Tawi la benki yake, kwa taarifa yenu, lilikuwa wazi Jumamosi hiyo hadi saa sita mchana. Ni mwendo wa tuktuk kutoka anapoishi.

Jumanne hundi ikarudi. Hapo tena akachelewa kwa sababu aliona haya. Ujumbe wa kuomba muamala urudishwe hutumwa namba 456, na una nguvu pale tu fedha zinapokuwa bado ziko kwenye laini iliyopokea. Fedha zake zilishatolewa Jumamosi ile ile. Kuhusu sheria, vifungu vipo: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inagusa ulaghai wa kompyuta na kujifanya mtu mwingine, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake cha hundi mbaya. Aende DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na namba ya muamala, nakala ya stakabadhi na barua pepe zikiwa nzima, pamoja na vichwa vyake vya kiufundi, sio picha za kioo cha simu peke yake.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu mtu hafiki Jumamosi ile kwa mguu mmoja. Makala aliyopewa atafsiri ilihusu utalii wa pwani, na sentensi yake ya kwanza nilipoitia kwenye Google ilijitokeza nzima, neno kwa neno, katika tovuti ambayo haina uhusiano wowote na warsha. Matapeli hawa hawaandiki makala, wanaokota. Kuipima sentensi moja kunamaliza nusu ya kazi ya upelelezi. Kwenye ProZ.com, jukwaa la watafsiri lililoanza mwaka 1999, kuna ubao ambapo watafsiri wanaeleza kama kampuni fulani inalipa au hailipi. Jina la kampuni ya huyu mteja halikuwamo, na anwani yake ilikuwa ya Gmail. Hakuna kosa kwa mteja mdogo kutumia Gmail. Kosa ni kampuni yenye tovuti yake kukuandikia kutoka nje ya tovuti hiyo.

Na hapa mtanivumilia, maana hili nimelisema sana na sitaacha kulisema: arbuni. Hakuna arbuni, hakuna kazi. Kijana aliifanya kazi nzima, kurasa zote, kabla ya kupokea hata shilingi, kisha akashangilia hundi iliyozidi. Wale wazee wa mashine za chapa waliokuwa wakikaa karibu na mahakama na ofisi za ardhi katika miji yetu ya pwani, wakiandikia watu maombi na kuwatafsiria barua, hawakuwa na shahada yoyote ya isimu. Lakini karatasi ya pili haikuingia kwenye mashine kabla ya malipo ya karatasi ya kwanza kuonekana mezani. Kizazi hiki kina digrii kutoka Chuo Kikuu cha Pwani na vyuo vingine, kina programu za kumbukumbu za tafsiri, na bado kinafanya kazi kwanza na kuuliza baadaye. Ni mwana wa yale majaribio ya bure: umezoea kutafsiri kurasa mbili bila malipo “tukuone uwezo wako”, basi hata kurasa thelathini bila malipo hazikushtui. Kampuni inayotaka kukujua isome kazi ulizokwisha kufanya, au ilipie jaribio.

Kingine kinachoniuma ni upweke. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, alikaa na kadhi wa Mombasa, mtu wa dini nyingine kabisa, wakapitia maneno pamoja. Baadaye mmisionari mwenzake Rebmann alijiunga naye, wakahamia Rabai, ambayo leo imo katika kaunti yetu ya Kilifi, na kazi ya lugha iliendelea mikononi mwa watu wanaoonana. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa nyingine aliyoirekebisha, akiwa rais mwenye nchi ya kuendesha. Hawa waliamini jicho la pili na siku ya pili. Kijana wetu alikaa na uamuzi wa fedha zake zote peke yake, chumbani, usiku wa Ijumaa, na mtu pekee aliyezungumza naye alikuwa yule anayemwibia. Angempigia mtafsiri mwenzake yeyote wa Malindi au Kilifi, hata kwa dakika mbili, pesa zisingeondoka.

Mnaweza kuniuliza kwa nini aliamini haraka hivyo, akiwa na akili zake. Aliamini kwa sababu ana njaa ya kazi, na njaa hiyo ina historia. Malindi imeishi na Kiitaliano tangu mradi wa Waitaliano wa kurusha setilaiti, San Marco, uanze kule Ngomeni miaka ya 1960; setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka huko tarehe 12 Desemba 1970, na wageni walioufuata utalii wakaifanya lugha yao kuwa ya soko. Watu walijifunza kwa masikio na kazi zikaja kwa mkono: mkataba wa nyumba, cheti cha ndoa, orodha ya vyakula, barua ya wakili. Mteja alikuwa na uso, na hoteli yake ilikuwa na mlango. Leo kazi hizo ndogo zinapitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, na mtafsiri kijana ametupwa kwenye soko la dunia asilolijua, akishindana na watu wanaokubali bei yoyote. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kama nyaraka za serikali kuu na za kaunti zingekuwa zinatafsiriwa kwa wingi, kwa zabuni za wazi na bei zinazojulikana, kijana wa Malindi angekuwa na kipimo cha kazi halali inavyoonekana. Angejua kwamba mteja wa kweli anabishana bei. Huyu hakubishana hata kidogo, na kijana akaliona hilo kama heshima.

Lakini njaa haiubadilishi uamuzi wa Jumamosi. Inaeleza kwa nini aliijibu barua, inaeleza hata kwa nini alifanya kazi bila arbuni. Haielezi kukopa Fuliza wakati benki imekataa kutoa.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haijaisha, na wengi wanaoisambaza kwenye makundi hawaioni. Kabla ya kupewa kazi, alituma wasifu-kazi wake wenye picha, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na orodha ya wateja. Wasifu wa mtafsiri halisi ni mali katika biashara hii: tapeli huubadilisha anwani ya barua pepe tu, akaupeleka kwa kampuni za nje, akapata kazi kwa jina la mwenyewe, akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri na kuchukua malipo. Kampuni ikigundua takataka iliyopokea, jina linalochafuka ni la kijana wa Malindi. Nimemwambia awaandikie wateja wake wote wa zamani wiki hii, aeleze anwani yake sahihi ni ipi, na wasifu mpya autoe ukiwa faili la PDF lisilo na namba ya kitambulisho wala siku ya kuzaliwa. Kitambulisho hakimsaidii mteja yeyote kupima Kiitaliano chako.

Na juzi amepokea ujumbe mwingine. Umetoka kwa mtu anayejiita wakala wa kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni, anajua kiasi kilichopotea mpaka shilingi ya mwisho, na anaomba ada ndogo ya kufungua faili. Aliyekijua kiasi hicho kwa usahihi huo, nje ya kijana mwenyewe, ni yule aliyekipokea. Kijana aliniuliza kama alipe. Nilimjibu asilipe na asijibu, ahifadhi namba ile na aipeleke DCI pamoja na nyingine.