Faru weupe Ngorongoro: kazi nzuri, mnyama siye

Machi 2025 mliona wenyewe faru weupe 18 kutoka Afrika Kusini wakiletwa Ngorongoro. Sindano za usingizi, masanduku, safari na mapokezi vilikuwa mikononi mwa watu wanaoijua kazi, nawapongeza. Lakini mnyama aliyechaguliwa siye, na hilo lilipaswa kusemwa kabla sanduku la kwanza halijafungwa.

Mtazameni mdomoni. Faru mweupe ana mdomo mpana, ulio bapa. Anainamisha kichwa na kufyeka nyasi karibu na udongo. Faru mweusi mdomo wake wa juu umechongoka, na kwa ncha hiyo hushika kijiti cha kichaka, akakivuta na kukikata. Ngorongoro ni kwao huyu wa pili. Miaka ya 1960 mtafiti John Goddard alihesabu weusi 108 ndani ya kreta. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, ujangili ulikuwa umebakiza wasiofika ishirini. Pengo ni la mweusi. Mweupe hajulikani kuishi hapa katika zama zilizoandikwa. Jamaa zake tunao Olduvai, lakini ni mifupa iliyogeuka mawe. Garamba kule Kongo walipopokea weupe 16 mwaka 2023, walikuwa wanaziba nafasi ya weupe wa kaskazini waliomalizwa papo hapo. Uganda nayo ina hoja hiyo. Sisi hatuna.

Nimeambiwa kwamba mla nyasi hamwibii chakula mla vichaka. Kweli, lakini nyasi hizo zina nyati, nyumbu na pundamilia tayari. Na pembe zote mbili zina bei kwa jangili, kwa hiyo askari yule yule, gari lile lile na daktari yule yule sasa wanagawanywa kwa wanyama wa aina mbili.

Hapa ndipo Faru John ananirudia. Desemba 2015 dume yule alitolewa kreta akapelekwa Grumeti, na sababu iliyotajwa ni kwamba amezaa mno, damu ya ukoo inarudi ndani. Agosti 2016 akafa, Waziri Mkuu Majaliwa akadai maelezo, nchi nzima ikazungumza. Sawa, tuikubali hoja ya damu. Basi dawa yake ni damu mpya ya faru weusi. Weupe 18 hawaongezi hata tone.

Halafu kuna kupe, ambao nimewaandika sana na nitaendelea. Mwaka 1974 wafugaji wa Kimaasai walihamishwa kutoka sakafu ya kreta, na moto wao wa kuchoma nyasi kavu ukakoma. Nyasi zikarefuka, zikakomaa. Kupe hupanda juu ya ubua, hunyoosha miguu ya mbele na kungoja mnyama apite; nyasi ndefu ni ngazi yake. Baada ya ukame wa 2000, nyati walikufa kwa wingi na faru wakafa pia, na katika damu ya faru ikaonekana babesia, kimelea kinachoenezwa na kupe. Moto ukarudishwa 2001. Mfugaji yeyote wa Karatu anajua kwamba mnyama mgeni wa nchi huanza kwa kuugua, na weupe hawa ni wageni. Somo la kupe tulilipia.

Walioifanya kazi hii ya kurudisha wanyama vizuri kuliko wote ni Oman. Choroa wa mwisho wa Arabuni aliyekuwa porini aliuawa 1972 katika Jiddat al-Harasis. Wao hawakutafuta choroa wa aina nyingine. Walitumia kizazi cha wale wale, waliotunzwa tangu 1963 katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani. Wakawazoesha jangwa ndani ya uzio kule Yaluni, na Januari 1982 wakafungulia kumi. Walinzi walikuwa Waharasi wenyewe, wenye nchi. Ujangili wa baadaye haubatilishi usahihi wa uchaguzi ule.

Na sisi tulikuwa na Phoenix yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 faru weusi wa Kenya walipelekwa Addo, Afrika Kusini, na uzao wao ndio uliotoa majike wawili walioletwa Ngorongoro 1997 na watano waliotua Serengeti Mei 2010, wakapokewa na Rais Kikwete. Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Kama safari nyingine inapangwa, orodha ya abiria ianzie kwenye ukoo huo, na nyasi za kreta zichomwe kwanza.